Nililipia mtu wa kunionyesha bustani, akanivuta shati

Hasira hii nimelala nayo siku kadhaa na haijapoa.

Kazi yangu ni bustani. Safari ya Kyoto, Japani, niliiwekea akiba muda mrefu nikazione zile za hekalu la Tofuku-ji alizozibuni Mirei Shigemori mwaka 1939. Nikamkodi mwongozaji wa kampuni moja ya utalii kwa siku nzima, pesa mbele.

Kilichonipeleka hasa ni bustani ya kaskazini. Vibao vya mawe vya mraba vimepangwa kama ubao wa drafti, kati yake koke, ule ukoga laini wa kijani unaoota penye unyevu. Huku vibao vimebanana, kule vinaachana, vinaachana, mpaka kinabaki kijani kitupu. Nikachutama barazani. Kwenye pembe ya kibao kimoja koke ilikuwa imeanza kupanda juu ya jiwe, imebeba vitone vya maji vidogo kuliko mbegu za mchicha. Ndipo nikavutwa shati. "Twende, hapo hakuna kitu."

Hakuna kitu! Uwazi ule ndio bustani yenyewe. Wajapani wana neno lake, ma, nafasi inayoachwa makusudi ili vilivyopo vipumue. Sisi siku hizi tukipewa kiwanja tunakijaza: chemchemi, taa, sanamu za simba, maua kila upenyo. Nilikwenda kujifunza kuacha, naye akanikatisha hapohapo. Halafu saa nzima tukaipoteza kwenye duka la vikombe vya chai!

Haki yake nimpe. Ni yeye aliyenieleza kwamba hekalu lilimpa Shigemori sharti asitupe chochote kilichokuwepo. Zile nguzo saba za mawe upande wa mashariki, zilizopangwa kama nyota za kaskazini zenye umbo la upawa, zilikuwa misingi ya choo cha zamani. Choo! Hata vile vibao vya drafti vilitoka kwenye njia ya zamani ya hekalu. Somo hilo natembea nalo kila eneo la kazi sasa, na kwa hilo peke yake nilikaribia kuwaambia mkodini tu.

Lakini nikikumbuka ule mkono kwenye shati, hapana. Msimkodi. Nendeni wenyewe. Kesho yake nilirudi peke yangu kwa treni, kituo kimoja tu kutoka stesheni ya Kyoto, nikakaa barazani palepale mpaka walipotangaza wanafunga.