Polishi kwa Mkono au kwa Mashine? Tazama Boneti Hii

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Boneti hii nyeusi nimeigawa katikati kwa selotepu ya karatasi. Nimeiosha, nikaikausha, nikaiacha kivulini ipoe. Kushoto nimepiga polishi kwa mkono, kulia kwa mashine, na polishi imetoka kwenye chupa ileile. Sasa nasogeza tochi.

Huku kushoto weusi umerudi, hilo silikatai. Ukisimama hatua tatu utaridhika kabisa. Lakini tazama mwanga unapoangukia: ile mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui, bado ipo. Kulia haipo.

Na subiri, kuna kitu nataka ukione. Nachukua kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji, napangusa pande zote mbili. Umeona? Kushoto mikwaruzo imeongezeka! Haikuzaliwa sasa hivi. Mafuta ya polishi yalikuwa yameijaza, yakaificha. Kwa hiyo ukipelekewa gari linalong'aa, usisifu kazi kabla hujapangusa.

Tofauti inatoka wapi? Polishi ina chembechembe zinazosaga. Chembe hizo hazizibi mkwaruzo kama yale mafuta, zinakula rangi iliyouzunguka mpaka uso ushuke ulingane na kina chake. Magari mengi ya sasa yana klia, yaani tabaka angavu juu ya rangi, na klia hiyo kwa kawaida ni maikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ili kuisaga kidogo na kwa usawa, zile chembe lazima zipite mahali palepale mara nyingi sana kwa mgandamizo mmoja. Mashine inafanya hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Mkono unachoka, halafu vidole vinakandamiza kwenye ncha tu. Hii mistari unayoiona hapa ndiyo njia ya vidole vyangu. Kama huna mashine, tumia sponji lenye mgongo mgumu kidogo, peleka na kurudisha kwa mstari ulionyooka, sehemu ndogo ndogo.

Sasa mashine zenyewe haziko sawa, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kuna rotari, inayozunguka kwenye mhimili mmoja tu. Inakata haraka, lakini joto linakusanyika, na mkono usiozoea unaweza kuunguza klia au kuacha alama za mawimbi rangi nzima. Na kuna ya mizunguko miwili: pedi, yaani sponji la mashine, inazunguka huku ikiyumba, joto linasambaa. Anayeanza achukue hii ya pili, bila kubishana. Ukiikandamiza kupita kiasi pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Mimi nimechora mstari kwa kalamu kwenye sahani inayoshika pedi. Nikiuona umesimama, najua nimeegemea mno, nalegeza.

Kazi yenyewe: eneo la sentimita 50 kwa 50, matone manne ya polishi, sambaza kwa spidi ya 1, kisha panda hadi ya 4 au 5. Tembea polepole, kila njia ifunike nusu ya iliyotangulia. Pedi ikijaa uchafu isafishe, maana pedi chafu inakwaruza upya.

Kwenye kingo za milango na mistari ya bodi, rangi huwa nyembamba zaidi. Hapo bandika selotepu, mashine isiguse. Malizia kwa mkono, pamoja na kule nyuma ya vitasa ambako kucha zinakwaruza kila siku. Kwa sehemu hizo mkono ndio bora, na sioni mashine kubwa ya kuushinda.

Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ukipitisha juu yake, uache. Ukiufukuza utamaliza klia.

Uamuzi wangu basi: rangi ikiwa bado nzima na unataka mng'ao tu, mkono unatosha. Ukitaka kuondoa mikwaruzo ya mviringo, nunua mashine ya mizunguko miwili. Anza na pedi laini na polishi laini kwenye eneo moja, pangusa spiriti, piga tochi. Ikitosha, fanya gari zima hivyo hivyo. Isipotosha, ndipo upande kwenye polishi kali. Ukimaliza paka nta siku hiyohiyo, kwa sababu polishi peke yake hailindi rangi.