Mwizi akiondoka na rekoda, video zako ziko wapi? Njia za kuzihifadhi mbali na nyumba, kuanzia iliyo bora

Mwizi anayejua kazi yake haogopi kamera za ulinzi, anatafuta rekoda, kile kisanduku kinachohifadhi video. Ataikuta chini ya televisheni au juu ya kabati, atachomoa nyaya na kutoka nayo kwapani. Memori kadi iliyo ndani ya kamera haina tofauti: kamera ikishang'olewa ukutani, ushahidi umeondoka nayo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza megapikseli ngapi, mimi huuliza mambo mawili: tukio likitokea sasa hivi, nakala yake itakuwa imetoka nyumbani baada ya sekunde ngapi? Na huko ilikokwenda, nani mwingine anaweza kuifungua?

Piga hesabu kwanza. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hutoa takriban gigabaiti 43 kwa siku. Ukiwa na kamera nne, kutuma kila kitu ni kujichosha, maana intaneti nyingi za nyumbani hupakua haraka na kupakia polepole. Tuma klipu za matukio tu. Hata hizo zina uzito wake: klipu ya sekunde 30 ni megabaiti 15 (baiti moja ni biti nane), na kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde inachukua dakika nzima kufika. Dakika moja inatosha kabisa mtu kuing'oa rauta. Klipu hiyohiyo ikitoka kwenye mkondo mdogo wa kamera, yaani video ya ubora wa chini inayotolewa sambamba na ile kubwa, wa nusu megabiti kwa sekunde, inafika kwa sekunde 8 hivi. Sura haitakuwa safi sana, lakini utakuwa nayo. Kamera nyingi za IP (zinazotuma video kwa mtandao) zina mkondo huu wa pili, ila wengi hawaugusi. Tuma huo kwanza, video kubwa ifuate.

Chaguo langu la kwanza ni NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani), au kompyuta ndogo, inayokaa nyumbani na kupeleka klipu kwenye wingu, yaani hifadhi ya kukodi kwenye intaneti. Synology na QNAP wanauza NAS zenye programu zao za kamera. Mwenye moyo wa kuchokonoa anaweza kuweka Frigate, programu ya kurekodi kamera ambayo ni ya bure. Kazi ya kusafirisha iachie rclone, programu ya kunakili faili kwenda kwenye wingu: unaipangia iangalie folda ya klipu kila baada ya sekunde chache na kupeleka zilizo mpya Backblaze B2 au hifadhi nyingine ya wingu ya aina ya S3. Ina sehemu iitwayo crypt inayosimba (kugeuza kuwa msimbo usiosomeka bila nywila) faili pamoja na majina yake kabla hazijatoka mlangoni, kwa hiyo mwenye seva anaona takataka tupu.

Hapa pana mitego miwili. Mashine hiyo ipe ufunguo wa kuingilia wingu usio na ruhusa ya kufuta, na uwashe kufuli la muda (Object Lock) la siku 30, ili anayeiba mashine asiweze kufuta yaliyokwisha kupelekwa. Pili, nywila ya crypt iandike na kuiweka nje ya nyumba. Ikiwa imo ndani ya mashine iliyoibwa peke yake, utakuwa umejifungia mwenyewe.

Asiyetaka kuchokonoa, na nyumba yake yote inatumia iPhone, achukue HomeKit Secure Video, huduma ya Apple ya kuhifadhi video za kamera. Unahitaji iCloud+ (wingu la Apple la kulipia), kamera inayoikubali huduma hiyo, na Apple TV au HomePod ya kuwa kitovu. Video huchambuliwa humo humo nyumbani, husimbwa, kisha hukaa siku 10 bila kula nafasi yako ya iCloud. Kifurushi cha gigabaiti 50 kinabeba kamera moja, cha 200 kinabeba tano.

Ya tatu ni NAS mbili, moja kwako na nyingine kwa ndugu, zikiunganishwa kwa WireGuard, njia ya siri iliyosimbwa inayopita kwenye intaneti. Hakuna ada ya mwezi, lakini unategemea umeme na intaneti ya mtu mwingine, na shemeji akichomoa waya ili achaji simu utajua baada ya wiki.

Wingu la mtengenezaji wa kamera nimeliweka la nne, ingawa ndilo rahisi kuliko yote. Mara nyingi ufunguo uko kwao, si kwako. Februari 2024 Wyze ilikiri kwamba wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Ukilichagua, tafuta lenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ufunguo uko kwako tu. Ring, watengenezaji wengine wa kamera, wanao, ila lazima uuwashe mwenyewe, na baadhi ya huduma zitazimika.

FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kutuma faili, usiipeleke nje kabisa. Nywila husafiri wazi. Kamera ikijua hiyo tu, iishie kwenye NAS ya ndani.

Ukishafunga, jaribu. Pita mbele ya kamera, hesabu hadi 20, chomoa rauta, kisha ufungue wingu kwa data ya simu. Mara yangu ya kwanza nilikuta klipu za paka akizunguka ua. Yangu ilikuwa bado kwenye foleni nyuma yake. Nilipunguza wepesi wa kamera kushtuka, nikaiamuru rclone ianze na klipu mpya zaidi, nikaipa rauta betri ya akiba. Paka sasa anasubiri zamu yake.