Polisi kata na kliniki ya wazee hapa Moshi, kwa wenye mzee wa kusahau sahau

Kama una mzee nyumbani ameanza kusahau sahau na kutoka toka bila kuaga, soma hii mpaka mwisho. Mama yetu ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, na huduma mbili zilizotubeba ni polisi jamii wa kata yetu hapa Moshi mjini na kliniki ya wazee kwenye hospitali moja ya serikali. Nazisemea pamoja maana kwa mgonjwa wa hivi huwezi kuzitenganisha, akipotea unamhitaji polisi akipatikana unamhitaji dokta. Polisi kata nampa tano kwa tano, kliniki nne, dirisha la dawa mbili.

Nianze na polisi. Wengi tunamjua trafiki na yule wa kaunta kituoni, huyu wa kata watu hawajui hata kama yupo, wakati polisi jamii ipo toka 2006 enzi za mkuu wa polisi (IGP) Said Mwema na kazi yake ndo hii, kujuana na watu mtaani kabla balaa halijatokea. Wa kwetu alikuja nyumbani na mjumbe na mhudumu wa afya wa mtaa, akamwamkia mama, akavuta kigoda akakaa, wakaanza stori za ndizi, maana mama aliuza ndizi soko la Mbuyuni maisha yake yote, na humo humo kwenye stori alikuwa anachukua taarifa zake, kwao ni wapi (Kibosho), kanisa gani, njia gani anapenda kupita, ana kovu wapi, anatumia dawa gani, na akiitwa jina gani anageuka. Hilo la jina ni kubwa jamani! Mama ukimwita kwa jina la mtoto siku hizi hageuki, ukimwita jina lake la usichana anasimama pale pale. Akampiga picha, akaandika yote kwenye daftari na namba zetu sote, picha akaituma kwa vijana wa ulinzi shirikishi, wale wa mtaa wanaolinda usiku.

Kinachofanya hizo taarifa ziwe na maana ni kwamba mtu wa demensia akitoka mara nyingi hazururi tu, anaenda alikozoea zamani, sokoni, kazini, kwao alikozaliwa. Mama anakwambia kabisa naenda nyumbani, na amekaa sebuleni kwake. Uingereza polisi wana fomu maalum ya kazi hii, inaitwa Herbert Protocol, imepewa jina la George Herbert, mwanajeshi mstaafu aliyepigana Normandy na uzeeni akawa na demensia, familia inaijaza mapema na mzee akipotea polisi wanakabidhiwa ikiwa tayari. Huyu wa kwetu na daftari lake la mistari kafanya kitu kile kile.

Na limefanya kazi. Mara ya kwanza mama kupotea, kabla hatujamjua huyu afande, tulikimbilia kituo kimoja tukapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tukaambiwa tusubiri kukuche, na usiku ule ulikuwa wa baridi ya Julai, kila mwenye mzazi anajua tulilalaje. Mara ya pili alitoka usiku akaingia kwenye uwanja wa watu njia ya kupandisha Kibosho, wenye nyumba wakaamka wakaanza kupiga kelele za mwizi, na mnajua kelele hizo zinavyoishaga. Kijana wa ulinzi shirikishi akafika akaangalia sura akaikumbuka ile picha, akamwita lile jina, mama akaitika. Alikuwa ameanguka amechanika paji la uso, afande akaja mwenyewe na PF3 mkononi, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, yani hatukuzungushwa kituoni kwanza ndo twende hospitali. Aliyewahi kuhangaikia PF3 mgonjwa anavuja damu atanielewa kwanini nimeandika hivi kwa msisitizo.

Sasa kliniki. Kwa sera ya wazee ya 2003 mzee ni kuanzia miaka 60, na yale mabango ya mpishe mzee apate huduma kwanza hapa wanayafuata, hatujakaa foleni ya kuumiza. Dokta hakusema ni uzee tu mrudisheni nyumbani, maneno tuliyoyasikia sana kwingine. Alimpa njiti za kiberiti azipange kama yeye alivyopanga, akamwomba ataje wanyama anaowajua, leo ni siku gani, kiongozi wa hapa ni nani, kipimo ambacho hata ambaye hajakanyaga darasa anakifanya. Nikaambiwa kimetengenezwa hapa hapa kwetu, wilaya ya Hai, na kweli Hai kulifanyika utafiti wa wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana demensia, kwahiyo wale wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu waache.

Kisha akaagiza damu na mkojo, maana kuna vitu vinafanana na demensia au vinaizidisha na vinatibika, tezi ya shingo ikiwa mvivu, upungufu wa vitamini B12, kaswende, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) pia, mzee akipata UTI anaweza kuchanganyikiwa ndani ya siku moja. Akaomba mfuko wa dawa zote tunazompa, akatoa piriton, dawa ya mafua na aleji tuliyokuwa tunampa ili alale, kumbe kwa mzee ndo inamchanganya zaidi, na toka tuache usiku umekuwa na nafuu. Nesi alipoona mama Kiswahili kinamkimbia akabadilisha akaongea nae Kichaga, mama akacheka. Nilikuwa sijamuona akicheka muda.

Mbili za dirisha la dawa ni hivi, matibabu ya mama tulipewa bure, sawa, ila dawa ya presha hakuna, nenda duka la nje, kila mara. Presha isiyotulia inazidi kuharibu ubongo, kwahiyo kwa mgonjwa huyu hiyo dawa sio ya kukosekana.

Na kinachonikera zaidi sio cha dirishani. Dokta anajua mama anatoka usiku, polisi kata anajua mama anatoka usiku, ila hawajuani, mimi ndo tarishi wao. Siku mgonjwa anaambiwa ana demensia zile taarifa zingejazwa pale pale kliniki zikaenda kwa polisi wa kata yake. Alafu lile daftari ni la afande mwenyewe, akihamishwa anaenda nalo au anamwachia nani? Nimemuuliza mtendaji wa kata, amesema atalifanyia kazi, namfuatilia.

Kumpata polisi kata nenda ofisi ya kata, mtendaji ana namba yake, beba picha ya mzee ya karibuni. Kliniki wahi asubuhi, beba kitambulisho cha mzee na dawa zote anazotumia hata za kienyeji. Usiku akipotea piga 112, haikati salio, na mwambie mjumbe saa hiyo hiyo.