Roboti za Kuvaa Miguuni: Ipi Inunuliwe, na Nani Asinunue

Kiti cha magurudumu usikiuze. Wengi wanaoulizia roboti hizi, zinazofungwa miguuni ili kumsimamisha na kumtembeza aliyepooza, wanatarajia zichukue nafasi yake, na hakuna iwezayo. ReWalk, mojawapo ya roboti hizo, haifiki hata kilomita 3 kwa saa. Unachonunua ni kusimama na kuongea na mwenzako macho kwa macho, jambo ambalo aliyepooza anajua thamani yake.

Ya kwanza kwangu ni hiyohiyo ReWalk, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2014 kutumika nyumbani, na 2023 kwenye ngazi. Ukiinamisha kiwiliwili mbele, kihisi kinatambua na mguu unapiga hatua. Claire Lomas, Mwingereza aliyepooza miguu, aliivaa katika Marathoni ya London ya 2012: alianza Aprili 22, akamaliza Mei 8. Mikono yako lazima iwe na nguvu za kushika magongo.

Ya pili ni Indego. Inagawanyika vipande, na unaivaa ukiwa umeketi kwenye kiti chako. Kwa anayesafiri kila mara, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Rex ya Nyuzilandi na Atalante ya Ufaransa hujisawazisha zenyewe bila magongo. Ni nzito na za polepole. Heri uzifuate kwenye kituo cha mazoezi kuliko kuziweka nyumbani. HAL ya Japani husoma ishara za misuli juu ya ngozi, basi kama uti wa mgongo umekatika kabisa na hakuna ishara inayofika miguuni, iache.

Kabla ya kulipa, pima uimara wa mifupa. Mguu usiobeba uzito kwa miaka hudhoofika, na unaweza kuvunjika siku ya kwanza ya kusimama bila mwenyewe kuhisi. Kagua ngozi kila unapoivua, maana mkanda uliobana huacha kidonda kimyakimya. Hakikisha pia nyonga, magoti na vifundo vinanyooka, na kwamba presha haishuki ukisimama. Muulize muuzaji nani atakufundisha, na nani ataitengeneza ikiharibika.

Kama mikono nayo imepooza, mtazame Amit Goffer. Ndiye aliyebuni ReWalk, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuitumia kwa kuwa mikono yake haikumudu magongo. Baadaye akabuni UPnRIDE, chombo cha magurudumu kinachomsimamisha mtu na kumpeleka aendako akiwa wima. Anza kutafuta huko.