Mwanaastronomia Nyumbani na Ugenini: Tathmini ya Vipindi Viwili vya Redio

Seth Shostak, mwanaastronomia wa Taasisi ya SETI huko California, inayotafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya Dunia, husikika kwenye redio za Marekani katika nyumba mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni yake mwenyewe: Big Picture Science, kipindi cha saa moja kila wiki anachokiendesha pamoja na Molly Bentley, ambacho mara kwa mara hutoa toleo liitwalo Skeptic Check, la kupima madai yaliyovikwa joho la sayansi. Ya pili ni Coast to Coast AM, kipindi cha usiku wa manane kilichoasisiwa na Art Bell, ambako Shostak hufika kama mgeni tu, akipokezana kipaza sauti na wasimulizi wa mizimu, visahani vya angani na sayari zinazokuja kutuangamiza.

Kwa ubora wa utayarishaji, Skeptic Check haina mpinzani. Mahojiano yamehaririwa vizuri, wataalamu hawakatizwi, na Phil Plait, mwanaastronomia ambaye kwa miaka mingi amepambana na uzushi wa angani, alikuwa na sehemu yake ya kudumu humo. Kasoro yake ni kwamba wanaocheka ni watu waliokwisha kukubaliana. Mizaha ni mingi, na yule anayeamini kweli kwamba binadamu hakufika mwezini hatavumilia dakika 10 kabla ya kuhisi kwamba anachekwa yeye.

Coast to Coast AM ina mvuto wa namna nyingine: saa 4 za matangazo ya moja kwa moja, simu zilizo wazi, na mtangazaji asiyembishia mtu. Upole huo una historia yake. Mnamo Novemba 1996 mtazamaji nyota wa ridhaa alitangaza humo kwamba amepiga picha ya kitu kinachofanana na Zohali, sayari yenye pete, kikiifuata kometi (nyota yenye mkia) ya Hale-Bopp. Wanaastronomia walikitambua upesi: ni nyota ya kawaida, SAO 141894, hafifu kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu, na ile miali iliyoipa sura ya Zohali ilitokana na mwanga kupinda ndani ya darubini. Picha nyingine iliyosambazwa baadaye kuunga mkono dai hilo ilithibitishwa na David Tholen na Olivier Hainaut, wa Chuo Kikuu cha Hawaii, kuwa nakala iliyochezewa ya picha yao wenyewe. Machi 1997 watu 39 wa kundi la kidini la Heaven's Gate walijiua wakitarajia kuchukuliwa na chombo kilichoandamana na kometi hiyo. Kusema kwamba redio ndiyo iliyowaua si haki, kwa maana imani ya kundi hilo ilianza miaka ya 1970. Lakini uvumi ulikuwa umekwisha kusafiri mbali kuliko masahihisho.

Redio yenyewe, kwa maumbile yake, humwelemea mwanasayansi. Chukua ule "uso" wa Mirihi, umbo lenye sura ya mtu linalodaiwa kuchongwa na viumbe, uliopigwa picha na chombo cha anga Viking 1 mnamo Julai 1976. Picha za chombo kingine, Mars Global Surveyor, za mwaka 1998 na 2001, zilizo kali kuliko hiyo mara nyingi, zinaonyesha kilima kilichomomonyoka, na mtu akiziweka mbele ya macho yake ubishi unakwisha; redioni hakuna cha kuwekwa mbele ya macho. Mzushi anahitaji sentensi moja tu, ilhali anayemjibu hana budi kueleza pembe ya jua, vivuli na ukali wa kamera, huku matangazo ya biashara yakisubiri.

Kwa hiyo majibu yanayofaulu ni yale ambayo msikilizaji anaweza kuyapima kwa macho yake. Ilipodaiwa kwamba Sayari X, sayari kubwa ya kubuniwa, ingepita karibu na Dunia Mei 2003, jibu bora halikuhitaji hesabu: kitu kikubwa namna hiyo, kikiwa kimebakiza miezi michache kufika, kingekwisha kuonekana bila darubini, basi toka nje uangalie. Shostak analijua hilo. Hapuuzi swali la viumbe wa mbali, kwa kuwa ndiyo kazi yake, naye huweka dau la kikombe cha kahawa kwamba wataonekana. Ndipo anapoeleza kwa nini ushahidi wa visahani haumtoshi, na aliyepiga simu hubaki akisikiliza.



Big Picture Science inapatikana bure kama podikasti, ilhali kumbukumbu za Coast to Coast AM zinahitaji usajili wa kulipia. Hata hivyo, kama ningeambiwa nichague saa moja tu, ningemchagua Shostak akiwa ugenini, na hasa sehemu ya simu za wasikilizaji, kwa kuwa humo peke yake ndimo mtu anayeamini Sayari X na mtu aliyeitafuta kwa darubini wanapozungumza pasipo mhariri kati yao.