Tembo wa Somalia, silva ya kila mwaka: nimekaa nayo tangu 2019

Niweke wazi kwanza mi sio tajiri, nakaa Tabata nauza vipuri vya pikipiki, ila kila mwaka tangu 2019 nanunua sarafu moja ya silva, moja tu, ile ya tembo wa Somalia, na mke wangu akiniuliza ya nini namjibu ni akiba, japo nikikaa peke yangu najua kabisa huu ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe aliniambukiza babu. Alikuwa na ile shilingi 25 ya mwaka 1974 yenye twiga. Mwaka ule zilitoka za wanyama tatu, twiga hiyo, ya 50 yenye faru, na ya dhahabu ya shilingi 1500 yenye duma. Mzee alikuwa anaifunga kwenye leso, Idi ikifika anatuonyesha, kugusa marufuku. Baada ya msiba kila mtu pale nyumbani anaapa hajaiona. Haya.

Sasa tuje kwa tembo. Ni aunsi moja ya kisonara, gramu 31.1, sio aunsi ya jikoni ya gramu 28, na upana wake kama milimita 39, ukiiweka kiganjani unaisikia kabisa kwamba umeshika kitu, sio visarafu vyetu vya mia mbili. Imeandikwa shilingi 100 za Somalia na ina ile nembo ya taifa lao, chui wawili wameshika ngao, ila usije ukaenda nayo Mogadishu ukadhani utapewa chai. Wala haigongwi kule, inagongwa Munich, kwenye kiwanda cha sarafu cha serikali ya jimbo la Bavaria. Alafu kabla ya hapo tembo huyu alikuwa Mzambia! Kuanzia 1999 hadi 2003 alikuwa anaandikwa kwacha, 2004 ndo akahamia Somalia. Yani tembo wa Afrika, kabadili uraia mara moja, na muda wote anazaliwa Ujerumani, mi huwa nacheka mwenyewe.

Kinachonifanya nisihame ni picha. Kila mwaka tembo anachorwa upya, kuna mwaka katoka peke yake, kuna mwaka kaongozana na mtoto, mi ya mwaka mpya ikikaribia kutoka nakua kama mtoto anayesubiri jezi ya timu yake. Kruger ya silva ya Sauzi, yani ile sarafu ya Krugerrand yenye sura ya Paul Kruger upande mmoja na mnyama swala upande wa pili, nimeishika, ilianza 2017 wakati Kruger ya dhahabu inatimiza miaka 50, ni sarafu nzuri na heshima yake ipo, ila swala ni yule yule na Kruger ni yule yule, unachokusanya ni tarakimu za mwaka. Sarafu ya jani ya Kanada ndo hivyo hivyo, tangu 1988 ni jani, japo silva yake ni safi ya tisa nne, yani asilimia 99.99. Panda ya China inabadilika picha kweli, lakini 2016 waliishusha ikawa gramu 30 badala ya aunsi, na mi nikilipia aunsi nataka aunsi, labda ni ubahili wa dukani huo.

Bei. Ya kwanza niliipata kama elfu 60 hivi, binamu yangu yupo Hamburg alininunulia akaja nayo likizo. Siku hizi sahau. Machi 2020 aunsi ya silva ilishuka mpaka dola 12 na mi nikajifanya mjanja nasubiri ishuke zaidi, Oktoba 2025 ikavuka dola 50. Na kumbuka tembo hauzwi kwa bei ya silva tupu, kuna cha juu cha picha, na toleo jipya hutoka kabla mwaka wenyewe haujaanza, kwa hiyo usiwe na haraka siku za mwanzo.

Kuagiza mwenyewe kwa kampuni ya mizigo nilijaribu mara moja tu. Mzigo ulikaa wiki tano, nikaambiwa karatasi hazijakamilika, nikakamilisha, ikaja VAT asilimia 18 na gharama za kuhifadhi juu, boksi lilishafunguliwa. Sarafu ilikuwemo, nashukuru, ila hesabu nilivyopiga nilikuwa nimelipia kama sarafu mbili. Tangu hapo nasubiri binamu.

Kingine ni utunzaji, na hapa Dar joto na unyevu wa bahari havina huruma. Ya 2020 niliiharibu mwenyewe, niliifunga na mpira, zile rababendi za manoti, sikujua mpira una salfa, baada ya miezi ikawa na mstari mweusi katikati kama tembo kafungwa kamba. Nikaongeza ujinga, nikachukua mswaki na dawa ya meno. Usifanye. Weusi ulitoka, mng'ao nao ukatoka, imebaki mikwaruzo. Sasa nanunua kikopo cha plastiki ngumu na naweka vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, zingine zote zipo safi mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikwama na kodi ya fremu, nikaenda nayo hiyo ya 2020 mtaa wa Indira Gandhi kwa sonara mmoja mzee. Kaweka sumaku, haikunasa, kaweka kwenye mizani, kasoma, akataja bei ya kuyeyusha, na hata hiyo kakata kidogo. Nikamwambia mzee hii ina mwaka, ina picha, akasema bwana mimi nanunua silva sinunui picha. Sikuuza. Nikatoa simu nikamwonyesha zingine sita, ya kila mwaka na tembo wake, akavaa miwani akaziangalia moja moja, kimya, mteja mwingine anasubiri. Mwisho akaniuliza hiyo ya karibuni yenye mwaka 2025 inapatikana wapi, ana mjukuu anapenda tembo. Nikamwambia binamu anakuja Desemba, nusu ya hela tangulizo.