Masta ya Kiswahili au Historia kwa sisi wa visiwani: naipa nyota tatu na nusu

Naulizwa sana na walimu wenzangu wapi waende kusoma masta, hasa wa Pemba, sasa nalieleza hapa mara moja nipumue. Mie nasomesha Kiswahili na Historia sekondari, kwetu Wete, masta nimemaliza mwaka jana na nilikaa nayo miaka minne badala ya miwili, kwahiyo nnachosema nimekilipia.

Jamani msichague chuo kwa jina wala kwa majengo. Ulizeni nani atakusimamia, na hicho unachotaka kukitafiti kiko wapi. Darasani sote tunafaulu, kazi za vikundi na presentesheni basi, watu wanapozama ni kwenye tasnifu. Chuo nlichosoma sikitaji, lakini msimamizi wangu alikaa na sura ya pili miezi mitano, nkimpigia ananambia "naisoma mwalimu", kuja kunirejeshea kasahihisha kurasa tatu za mwanzo tu, na ada ya mwaka uliozidi nikalipa mie si yeye. Kabla hujajaza fomu mtafute alosimamiwa na huyo mtu, mnunulie urojo, atakwambia yote.

Kwa Kiswahili sioni haja ya kuhama. TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni ya hapa Zanzibar, ilianza 1979, sasa iko ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wageni wanapanda ndege kuja kusoma lugha hapa na sie tunawaza kuvuka. Masta ipo, PhD ipo. Na kama unaandika juu ya lahaja kama Kikae cha Makunduchi au Kipemba cha kwetu, ukaenda Dar kutafuta nini? Bibi yako ndo data yenyewe, ukae nae barazani na simu ya kurekodi. Kasoro yangu ni kampasi kuwa Tunguu tu, mbali na mji, kwa mtu anaetoka kazini mjini akapande daladala ya kujazana, mpaka ufike akili ishalala.

Historia sasa, hapo nyota tano naipa Nyaraka pale Kilimani, hifadhi ya kumbukumbu za kale za Zanzibar, sio chuo chochote. Kuna makaratasi ya konseli (balozi mdogo) wa Kiingereza, barua za Kiarabu za wakati wa masultani, mafaili ya wakfu. Nilifungua faili moja la nyumba ya wakfu Mji Mkongwe, watu wanagombana kodi na nani atengeneze paa, wallahi utadhani majirani zangu wa leo, nikasahau hata kula. Shughulikieni kibali cha utafiti mapema tu. Na zile harufi za Kiarabu tulizofundishwa chuo cha Kurani kwa bakora ndo utaona faida yake, maana Kiswahili cha zamani kimeandikwa kwa hizo, mwenzio wa masta asiezijua anabaki kuangalia picha.

Anaetaka isimu nzito aende UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale TATAKI, taasisi yao ya taaluma za Kiswahili, ilounganishwa 2009 kutokana na TUKI (taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili. Maktaba yao ina sehemu ya East Africana, yaani maandiko yahusuyo Afrika Mashariki, na hati za kale za Kiswahili, mie ningeenda kwa hiyo peke yake. Lakini boti masaa mawili, chumba cha kupanga, na watoto umewaacha na nani, hesabu hizo prospektasi haiziandiki. Chuo Kikuu Huria (kipo tangu 1992, wana kituo huku) kinamfaa mwenye kazi na familia, ila uwe mtu wa kujisukuma, hakuna wa kukuamsha.

Nje sikusoma, nimeomba tu nkakosa. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni mwaka mmoja huko, wanataka masaa 2,800 ya kazi baada ya digrii ya kwanza na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili, kwa mwalimu masaa hayo yanatimia bila ya kuhangaika. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havichaji ada, chuo cha Bayreuth wanasoma mambo ya Afrika hasa, lakini bila skolashipu lazima uonyeshe pesa za kuishi mwaka mzima kwenye akaunti, ni zaidi ya yuro 11,000, sasa mshahara wetu huu... Tena hati nyingi za Kiswahili zilizoko SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, zimeshaskaniwa, unaziangalia kwenye intaneti umekaa Chake na kahawa yako.

Walioniuliza PhD wanisubiri kwanza, bado nadaiwa na stesheneri ya Darajani kopi nne za tasnifu pamoja na jalada gumu.